Sufu Kwenye Miiba

Kila asubuhi kabla ya chai mimi huteremka hadi zizini nikiwa na mkebe mtupu wa rangi, nikauzunguka ua wa miiba polepole na kuokota sufu. Kondoo wakijisugua kwenye miiba huacha vishungi vyeupe, vingine vikubwa kama kiganja, vingine nywele tatu tu. Naviokota vyote. Magoti yangu hayaipendi kazi hii na huyasikia yakilia kama bawaba za mlango wa zamani. Sufu mbichi ina mafuta yake. Ukiokota kwa nusu saa vidole hulainika na kunuka maziwa yaliyolala na mbwa aliyenyeshewa.

Mjukuu wangu Mumo hunitazama akiwa mlangoni. Juzi nilimsikia jikoni akimwuliza mama yake: "Mum, Umau anaokotanga nywele za kondoo kila siku na anazificha kwa mkebe. Hiyo ni sawa kweli?" Mama yake alimwambia anyamaze, lakini hakumjibu swali lake. Sikukasirika kuitwa babu wa namna hiyo. Najua jinsi mtoto anavyoweza kumtazama mtu mzima anayeokota kitu ambacho watu wengine hawaokoti. Nami nilitazama hivyo nilipokuwa na umri wake, na mtu alilipia macho yangu. Mtu huyo amezikwa Kivaa mwezi huu. Habari zilinifikia baada ya mazishi, kama zinavyomfikia mgeni, na sina haki ya kulalamika.

Tuliishi hapa hapa Kathiani, kwenye mteremko huu. Mama yangu alikufa kwa homa ya siku tatu nikiwa mdogo, kabla sijajua kuhesabu hizo siku. Hakuna aliyewahi kunieleza ilikuwa homa gani. Nililelewa na Susu, mama ya baba yangu, mwanamke mwembamba mwenye ugoro kwenye pindo la leso, aliyejua kila mtu kijijini alikotoka na kwa nini alihama huko. Susu aliponinyoa kichwa kwa wembe aliokota nywele zote, hata ule mmoja ulioshika kwenye kola ya shati, akazifukia chini ya mgomba. Alinifundisha kwamba nywele zako ni wewe. Anayeziokota na kuziweka anakuweka wewe, na siku akitaka atakutoa.

Baba alifanya kazi Athi River katika kiwanda cha nyama, upande wa ngozi. Alizitia ngozi chumvi na kuzipanga, kutwa nzima. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi akinuka chumvi hata baada ya kuoga. Mwaka mmoja alirudi na vitu viwili ambavyo Susu hakuvitaka: kondoo watano wa kizungu, na mke.

Kondoo aliwapata kwa mzungu mmoja kule tambarare aliyekuwa akifunga shamba lake. Walikuwa majike wanne na dume. Kondoo tuliowajua sisi wana nywele fupi kama za mbuzi, na mkia mnene uliojaa mafuta. Kwetu mkia ndio kondoo mwenyewe. Mwanamke akijifungua huletewa mafuta ya mkia, na mzee akiugua huulizwa kama amepata hayo mafuta. Hawa wa Baba mikia yao ilikuwa imekatwa, vimebaki visiki, na sufu iliwafunika hadi machoni kama watu waliojitanda blanketi juani. Majirani walipita njia yetu makusudi. Mmoja alimwuliza Baba kama kondoo wake wana homa ya malaria. Baba, ambaye hakuwa mwepesi wa kukasirika, alisema mnyama huyu ana mavuno mawili, sufu kila mwaka akiwa hai, na nyama siku atakapochinjwa. "Mbuzi wako," alimwambia, "anakulisha akishakufa tu."

Mke aliitwa Mueni, mtu wa Kivaa, kule chini kwenye joto. Susu alisema watu wa huko wanajua mambo. Hakusema mambo gani, na kwa kuwa hakusema, niliyawaza yote. Mueni alikuwa mrefu, mwenye kusema kidogo, na aliponitazama alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kila asubuhi aliniamkia kama mkubwa anavyomwamkia mtoto kwetu: "Wakya, Kyalo." Nilipaswa kuitikia "Aa." Hiyo "Aa" niliimeza kila siku nikapita na kibuyu changu cha maji. Yeye hakuacha kuniamkia. Hata hilo nililiona baya. Nilijiuliza mtu anataka nini kwa mtoto asiyemjibu.

Baba alipokuwa kazini, kondoo walikuwa mikononi mwa Mueni. Mara ya kwanza kunyolewa alikuja mtu kutoka shamba la yule mzungu na mkasi mkubwa. Alimkalisha kila kondoo matakoni kama bibi kizee anayeota jua, akamvua sufu yote kwa kipande kimoja. Waliposimama walikuwa nusu ya walivyokuwa, weupe na wembamba, wakinusana kama watu wasiojuana. Susu aliuliza mara mbili sufu ile inapelekwa wapi ndani ya gunia, na kwa nani. Mueni ndiye aliyebeba gunia hadi barabarani. Tangu siku hiyo Susu alianza kumwangalia mikono.

Kisha ukaja ukame. Majani ya mteremko yakaisha, na wana wa kondoo wakazaliwa wakati mbaya, sita kwa jumla, wenye masikio mapana na sauti kubwa kuliko miili yao. Sufu ya mama zao ilikuwa imeota tena, ikanata kwenye ua wa miiba kila walipojisugua. Mwanakondoo wa kwanza alipoacha kunyonya nilikuwa pale. Tumbo lilivimba, akawa anasaga meno, na siku ya tatu akalala asiinuke. Siku tatu. Hilo sikulisahau. Susu alisema mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi na mtu aliyebatizwa, akaagiza afukiwe nyuma ya ghala.

Jioni ile, jua bado liko juu ya kilima, nilirudi kuchukua jembe nililolisahau. Nikamwona Mueni amepiga magoti pale kaburini. Alikuwa amemfukua mwanakondoo na kumpasua tumbo kwa kisu cha jikoni. Aliingiza mkono hadi kwenye kifundo, akapekua, akatoa kitu cha mviringo, cheusi kwa utelezi, kiasi cha yai la kuku. Alikigeuza kwenye mwanga. Alikipangusa kwa jani, akakifunga ndani ya leso, akamfukia tena yule mnyama na kupiga udongo kwa kiganja ukawa sawasawa, kama vile hakuna aliyepita. Nilibaki nyuma ya ghala mpaka nikasikia mlango wake ukifungwa.

Kesho yake akaanza kuokota sufu. Nilimfuata kwa mbali nikijifanya natafuta kuni. Alizunguka ua wote, mwiba kwa mwiba, akichomoa kila unywele, akiutia kwenye chungu kidogo. Alipomaliza alikificha chungu chini ya ghala, nyuma ya mawe. Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Jikoni nako chumvi ikawa inapungua. Susu aliweka alama ya kidole juu ya chumvi kwenye kopo, na jioni alama haikuwepo. Mwanakondoo wa pili akafa, kisha wa tatu. Usiku sikulala vizuri, nikipapasa kichwa changu na kujiuliza kama nimeacha unywele mahali.

Nilimwambia Susu yote: kaburi, kisu, kile kitu, chungu. Hakupiga kelele. Alinusa ugoro, akafuta pua, akasema, "Umeona kwa macho yako?" Nikasema nimeona. "Basi usimwambie mtu. Baba yako akuje kwanza."

Baba alikuja Jumamosi. Susu alikuwa amemwita Mzee Nzioka, mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti ya polepole ambaye watu walimwita kila pakiwa na jambo ambalo hawakutaka lifike kwa chifu. Viti vikawekwa uani mchana kweupe. Mueni aliambiwa akae, akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele. Mimi nilitumwa kukileta chungu. Nilikibeba kwa majani ya mgomba nisikiguse.

Mzee Nzioka alikimimina kwa ncha ya bakora. Kulikuwa na sufu, nyingi kuliko nilivyodhani, safi, nyingine imekwishasokotwa kuwa uzi. Kulikuwa na kitako cha kiondo kidogo, kilichoanzwa tu kwa uzi huo. Na kulikuwa na kile kitu, sasa kimekauka, kigumu, cha mviringo. Susu alivuta miguu yake nyuma.

Mueni alieleza bila kuinua sauti. Alisema kwao mnyama akifa hupasuliwa ili aseme kilichomuua, kwa maana usipomwuliza yule wa kwanza atakujibu wa kumi. Alisema kile kitu alikitoa tumboni mwa mwanakondoo. Ni sufu. Wadogo wana njaa na hawana chumvi, wanazila nywele za mama zao kutoka kwenye miiba, zinajiviringa ndani na kuziba. Kwa hiyo anaziokota, na chumvi anawapa kondoo.

"Kondoo ajile mwenyewe?" Susu alisema. "Mimi nimefuga kondoo kabla huyu hajazaliwa. Hiyo nimesikia leo."

Na ilikuwa kweli, Susu hakuwa anadanganya. Kondoo wetu wa mkia mnene hawana sufu ya kuacha kwenye miiba. Hakuna mtu uani pale aliyewahi kuona jambo kama hilo. Walichokijua wote ni nywele zilizookotwa na kuwekwa, na hilo hata mtoto alijua maana yake.

Lakini Baba alikuwa amekichukua kile kitu. Alikikuna kwa ukucha, ukucha ukainua uzi mweupe. Akautazama, akamtazama Mueni, na uso wake ukalegea. Nilimwona akianza kuamini. Ningeweza kusema leo kwamba niliogopa, na niliogopa kweli, lakini si hilo lililonisukuma. Nilichoona ni kwamba atamwamini, na Mueni atakaa, na kesho asubuhi ataniamkia tena, na mimi nitakuwa mtoto aliyesema uongo.

Mzee Nzioka alinigeukia. "Wewe Kyalo. Alipokuwa anaokota hizo nywele, ulisikia akisema chochote?"

Hakuwa amesema chochote. Siku zote nilizomfuata sikuwahi kusikia hata akikohoa.

"Alikuwa anataja Mwaitu," nikasema.

Mwaitu ni mama. Mama yangu, aliyekufa kwa homa ya siku tatu. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni Mwaitu gani, wala ni nani basi aliyemtoa. Baba alikiweka kile kitu chini. Susu alianza kulia bila sauti, na nadhani kilio hicho alikuwa nacho tangu mazishi.

Mueni alinitazama. "Kyalo," alisema, "mimi nilimtaja mama yako?"

Kulikuwa na kuku akichakura karibu na mguu wangu. Nilimtazama huyo kuku. "Ndiyo," nikasema.

Aliondoka Jumatatu na kikapu chake. Baba alimsindikiza, akitangulia hatua kadhaa. Walipopita kando ya zizi, Mueni alinyoosha mkono akachomoa kishungi cha sufu kwenye mwiba, kwa mazoea tu. Kisha akasimama nacho. Hakuwa na chungu tena. Alikitazama kidogo, akakirudisha palepale kwenye mwiba, akakibana vizuri kisipeperuke, akaenda. Nilikimbia kumwambia Susu kwamba ameacha kitu kwenye ua. Susu alikuja na moto, tukachoma tawi zima.

Kwa majuma mawili hakufa mnyama. Watu walisema mnaona. Nilitembea shuleni kama mtu aliyeokoa boma. Lakini ua ulikuwa ukijaa tena vishungi vyeupe, na chumvi ilikaa kwenye kopo mpaka pale Susu alipoiwekea alama. Kisha mwanakondoo wa nne akaanza kusaga meno. Wa tano akafuata.

Wa tano alikufa Baba akiwa nyumbani. Hakumwambia mtu. Alimbeba hadi nyuma ya ghala, akampasua kama vile alivyokuwa amesikia kwamba Mueni alifanya. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pale pale nilipojificha mara ya kwanza, ila sasa sikujificha. Alitoa kitu cha mviringo, kinachoteleza, kiasi cha yai. Akakiosha kwa maji ya kopo, akakipasua kwa kisu katikati. Ndani kilikuwa cheupe. Sufu tupu, imeviringwa ikakaza, mzunguko juu ya mzunguko.

Alikaa juu ya jiwe muda mrefu na vile vipande viwili mkononi. Halafu akaniita, si kwa ukali.

"Kyalo, yale maneno ulisikia kweli? Alimtaja mama yako?"

Mara ya kwanza nilikuwa mtoto mbele ya wazee, na hofu ilikuwa hofu ya kweli. Hii ya pili sina kisingizio cha kuiwekea. Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimeona ile sufu kwa macho yangu, na niliielewa kabla yake. Sauti yake ilikuwa ikiniomba niseme hapana. Ningeisema, angesimama pale pale, angeosha mikono na kushika njia ya Kivaa na damu kwenye shati.

"Nilisikia," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali. Vile vipande alivitupa kwenye shimo pamoja na mnyama, akafukia. Hakwenda Kivaa. Hakuoa tena. Maneno yangu yalikaa kati yake na ile barabara mpaka alipokufa, na sikuwahi kuyaondoa, ingawa nilipata nafasi nyingi, nyingine jikoni, nyingine hospitalini kando ya kitanda chake. Wale kondoo tuliwachinja mmoja mmoja. Mavuno mawili yakawa moja. Nyama yao ilikuwa nzuri, laini, na Susu hakuigusa, akidai inanuka sufu.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaajiriwa kiwanda cha saruji, nikaoa, nikazaa. Nilipokuwa na mtoto wa umri wangu wa wakati ule, na nikamsikia akinidanganya kuhusu jambo dogo la kikombe kilichovunjika, macho yake kwa kuku, nilifunga safari kwenda Kivaa. Niliuliza kwa jina nikaonyeshwa. Alikuwa ameolewa huko, ana watoto wakubwa na mbuzi wengi, amekuwa mnene kidogo. Alikuwa akipepeta mbaazi. Aliinua kichwa, na kabla sijajitaja alisema, "Wakya, Kyalo."

"Aa," nikaitikia. Miaka yote ile ilikuwa bado kooni.

Alinipa kiti na uji. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nilipotoka nyumbani, ya kuanzia na ya kumalizia. Tulizungumzia mvua. Aliuliza Susu alikufa lini, nikamwambia. Aliuliza Baba, nikamwambia bado yu hai, naye akachagua mawe kwenye mbaazi. Halafu akauliza jambo ambalo sikuwa nimelipangia.

"Wale kondoo, walipona?"

"Walipona," nikasema.

"Mliendelea kuokota zile nywele?"

"Tuliendelea. Kila asubuhi."

Alishusha pumzi, ungo ukatua magotini. "Basi ni sawa," alisema. "Nilikuwa nafikiria sana nani ataokota."

Nilimaliza uji, nikashukuru, nikaondoka na maneno yangu yote kama nilivyokuja nayo.

Nilipostaafu nilitafuta kondoo wa aina ile ile, wa sufu na wa nyama. Wanangu walidhani ni biashara. Nawapa chumvi kwa mkono wangu, na ua nauzunguka mwiba kwa mwiba. Leo asubuhi Mumo alishuka hadi zizini, akasimama hatua chache, mikono nyuma, akauliza hizo nywele ni za nini. Niliuweka mkebe chini, nikamweleza yote, pamoja na yale ambayo Mueni hakuyasema na mimi nikayasema. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuja karibu, na sikumwita.

Nilimwambia Mueni kwamba tunaokota kila asubuhi. Hilo nimelifanya kuwa kweli. Yale mengine mawili, la uani na la nyuma ya ghala, bado ni uongo, na wote wawili waliostahili kunisikia nikiyakana wako chini ya udongo.